Mkopo wa Kumshukuru Mama Bahasha

Kijana wa benki aliuliza mara ya pili kama namba ya kitambulisho ilikuwa sahihi. Fundi akamwambia ni sahihi, haijawahi kuwa ya mtu mwingine. Binti yake, aliyekaa kiti cha pembeni na mkoba mapajani, akacheka kidogo kwa adabu. Kijana hakucheka. Aliendelea kukodolea macho kompyuta yake, akiteremsha ukurasa taratibu.

"Basi mzee hawezi kumdhamini mtu," akasema. "Mwenyewe ana mikopo mitatu."

Hakupaza sauti, lakini benki ile ilikuwa na sakafu ya vigae na dari refu, na waliokuwa kwenye foleni nyuma yao hawakuwa na kazi nyingine zaidi ya kusikiliza. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alimtazama Fundi kuanzia kwenye kofia hadi kwenye viatu vyenye madoa ya gundi. Binti akasema pana makosa, amwombe mwenzake amsaidie kuangalia, kwa sababu baba yake hakopi hata chumvi kwa jirani. Yule kijana, ambaye si mtu mbaya, ila alikuwa na tai iliyombana na watu wengi wa kuhudumia, akaanza kuyasoma majina ya kampuni zilizokopesha, moja baada ya jingine, pamoja na kiasi kilichobaki.

Binti akamgeukia baba yake, akisubiri akanushe. Fundi alikuwa anajikuna kidole gumba, pale ambapo stapla za makochi zilikuwa zimemla kwa miaka mingi.

"Ni kweli," akasema.

Binti alikusanya karatasi zake bila haraka, akazinyoosha, akazirudisha kwenye bahasha ya kaki. Alikuwa msusi. Tangu amalize kujifunza alikuwa akisuka vichwa vya watu kwenye saluni ya mtu mwingine, akiacha nusu ya kila alichopata mezani kwa mwenye saluni. Sasa alikuwa amepata chumba chenye dirisha la kioo, kona ya mtaa wao wenyewe, hatua chache kutoka karakana ya baba yake. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi ifikapo Ijumaa. Benki ilikuwa tayari kumkopesha ilimradi apate mdhamini mwenye kazi na rekodi safi. Kama chumba kikimponyoka, rafiki yake aliyesoma naye alikuwa anamwita mji mwingine, mbali, kwenye saluni inayolipa mshahara. Fundi alijua yote haya. Ndiyo maana alivaa kofia yake ya harusini siku ile.

*

Njia nzima binti alitangulia. Hakukimbia, ila alihakikisha pana nafasi kati yao, kama watu wasiojuana waliotokea kuelekea upande mmoja. Walipofika nyumbani alibandika maji ya chai, akasahau kuweka majani, akamimina maji matupu kwenye vikombe viwili na kuviweka mezani. Fundi alikunywa yake yote.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebuleni palikuwa na kochi moja tu, kubwa, ambalo Fundi alilishona mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Mke alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tangu hapo baba na binti walikuwa wanaishi kwa kupishana: huyu akitoka asubuhi, yule bado yuko bafuni, yule akirudi jioni, huyu ameshalala na redio inaongea peke yake. Hawakuwa wamegombana. Ni kwamba aliyekuwa akiwaunganisha kwa maneno hayupo, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Hatimaye binti akauliza kwa sauti kavu kama kuna mwanamke.

"Yupo," Fundi akasema. "Lakini si hivyo unavyofikiria."

"Sijasema nafikiriaje, baba. Nauliza tu anaitwa nani."

"Anaitwa Mama Bahasha."

Akatoa simu mfukoni, akaifuta kwenye suruali, akampa.

*

Mama Bahasha alikuwa mwanamke wa kwenye tovuti. Picha yake ilimwonyesha amevaa miwani, anatabasamu kama mtu aliyekuona unaingia na tayari amekuvutia kiti. Alifundisha watu kugawa mapato yao kwenye bahasha: ya kodi, ya chakula, ya vifaa vya kazi, ya dharura. Huduma yote ilikuwa ya bure. Chini ya kila somo palikuwa na nafasi ya kuuliza swali, na swali la kwanza la Fundi, muda mfupi baada ya msiba, lilikuwa la kuona haya. Aliuliza mtu anajuaje kama mwezi huu amepata faida au amekula hasara. Miaka yote ya ndoa mahesabu yalikuwa ya mke. Yeye alishona makochi, akakabidhi pesa, akapewa nauli.

Jibu lilikuja kesho yake, refu, lisilo na dharau hata chembe, na lilianza na neno "Fundi". Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemwandikia kitu kirefu namna ile. Akalisoma akiwa amesimama. Akagawa bahasha zake, na mwezi uliofuata, kwa mara ya kwanza, alijua sponji imemla kiasi gani.

Basi akauliza tena. Aliuliza jinsi ya kudai malipo ya awali bila kumuudhi mteja, na Mama Bahasha akamwandikia hata maneno ya kusema. Kidogo kidogo maswali yakaanza kuhama kwenye pesa. Alimweleza kwamba ndara za mkewe bado ziko mlangoni, na hajui zinawekwa kwenye bahasha gani. Akamjibu aziache hapohapo mpaka siku zitakapomsumbua miguuni. Hakumwambia ajikaze kisabuni, wala kwamba kila kitu kina mwisho, kama walivyomwambia majirani. Fundi alilia siku ile kule karakana, peke yake, uso kwenye kitambaa cha mteja.

Sasa, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno ambayo wengi huyapita kama wanavyopita tangazo la mkutano uliokwisha. Yalisema kwamba ushauri ni bure, lakini msomaji akijiunga na benki, bima au mkopo kupitia viungo vya kubonyeza vilivyowekwa pale, tovuti hupata kamisheni kutoka kwa kampuni husika, na msomaji haongezewi gharama yoyote. Fundi aliyasoma yote, tena kwa furaha, kwa sababu alikuwa ameyaelewa. Ulikuwa udalali, mambo anayoyajua. Yeye mwenyewe akimpeleka mteja kwa muuza sponji hupewa chake, mteja hajui, na maisha yanaendelea.

Ila dalali hula pale tu mtu anaponunua. Na yeye alikuwa amekaa kwa Mama Bahasha miezi na miezi, akimuuliza hili na lile, bila kununua kitu. Alijiona kama yule anayekalia meza ya hoteli kutwa nzima akisoma gazeti la mwenyewe, hata maji hakuagiza. Katika ufundi wake hapakuwa na aibu iliyopita hiyo. Kazi ya mtu hulipwa.

Akaanza kwa kufungua akaunti ya akiba kupitia kiungo chake. Halafu akajiunga na bima ya vyombo vya ndani, ingawa cha kuibiwa kilikuwa redio tu. Kisha akaja kwenye mikopo, iliyopangwa kwa nyota, wa nyota tano juu kabisa. Akili yake ilimwambia waziwazi kwamba wa juu si wenye riba ndogo, ni unaomlipa vizuri zaidi aliyeupanga. Alijua kwa sababu naye, mteja akimuuliza sponji nzuri inauzwa wapi, alianza kwa kumtaja yule muuzaji anayempa kikubwa zaidi, ambaye sponji yake hubonyea mapema. Akauchagua wa juu, kwa sababu ileile ambayo ingemfanya mwingine aukimbie.

Pesa zilipoingia hakuzitumia. Alikwenda kuzitoa, akafumua mshono wa mto wa kochi la mkewe, akaziweka katikati ya sponji, akashona tena. Riba alilipa kwenye mapato yake, kila wiki, kwa moyo mmoja. Riba ndiyo iliyokuwa asante yenyewe. Na kwa kuwa hakutaka kumsumbua kila mara, alizuia maswali yake, hata yale yaliyomkaba, mpaka awe na kitu cha kumpelekea. Alikuwa akijiunga kwanza, ndipo aandike, na hivyo ndivyo mikopo ilivyofika mitatu.

*

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Baba alipofika kwenye habari ya mto wa kochi, binti alisimama, kwa sababu alikuwa ameukalia.

"Baba, umekopa ili mtu apate kamisheni?"

"Alinisaidia."

"Si mtu huyo. Ni tovuti. Hiyo picha wameitoa sehemu tu, labda hata ni ya mwalimu wa watu huko."

"Mtu hujibu kwa utu wake," Fundi akasema. "Huyo ni mtu."

Binti akacheka, kicheko ambacho hakikuwa na furaha ndani yake, akarudisha simu. Halafu akauliza, bila kumtazama, ni mambo gani hayo alikuwa anamwandikia. Fundi akasema mambo tu. Bei ya sponji. Wateja. Akasita. Habari za mama.

"Za mama yangu?"

"Ndiyo."

"Mbona mimi hukuniambia?"

Fundi alilitafakari swali lile kwa uaminifu, kwa kuwa hakuwahi kujiuliza. "Unarudi umechoka," akasema. "Ningekuongezea kazi."

Binti aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Hakuubamiza. Fundi angependelea aubamize.

Alichukua mkasi, akafumua mto, akatoa pesa zote na kuziweka mezani. Baadaye akakaa akaandika barua ambayo hakuwahi kuiwaza. Alimweleza Mama Bahasha yaliyotokea benki, bila kumlaumu. Akamuuliza jambo moja tu, kwamba kwa mikopo ile mitatu, je, alau chake alikipata.

*

Asubuhi walikwenda kulipa, baba na binti, ofisi moja hadi nyingine. Pesa za kwenye mto zilitosha kurudisha kilichokopwa. Faini za kufunga mikopo mapema Fundi alizitoa kwenye bahasha ya vifaa na ya dharura, mpaka zikabaki karatasi tupu. Kisha wakarudi benki kwa kijana mwenye tai. Alizipokea stakabadhi, akazigonga mhuri, akawaeleza kwa upole kuliko siku ya kwanza kwamba kulipa ni jambo moja na rekodi ni jambo jingine. Rekodi ingeonyesha mikopo mitatu ndani ya mwaka mmoja, na isingesafishika kabla ya miezi kadhaa. Binti alimuuliza kama hakuna mkubwa wa kumwona. Akasema mkubwa naye anaangalia kompyuta hiyohiyo.

Fundi akajitia ujasiri, akamsogelea mezani. Alieleza kwamba hakuwa na shida ya pesa, kwamba hakuzitumia, zilikuwa kwenye kochi. Kijana aliitazama tena kompyuta yake. Nyuma yao mtu kwenye foleni alikohoa kwa makusudi.

"Mzee," kijana akasema, "hapa hakuna sehemu ya kuandika hivyo."

Ijumaa mwenye nyumba alikabidhi ufunguo kwa muuza makava ya simu. Binti aliipata habari kwa mteja, akiwa katikati ya kichwa, akaendelea kusuka mpaka akamaliza.

*

Jibu la Mama Bahasha lilimkuta Fundi karakana, amepiga magoti mbele ya kiti kilichovuliwa nguo. Alilisoma akiwa bado amepiga magoti.

"Fundi. Mimi silipwi kwa mikopo. Kamisheni ni ya wenye tovuti, sijawahi kuiona. Mimi hulipwa kwa kila barua ninayojibu, bei ni moja, iwe fupi au ndefu. Kama ungeniandikia kila siku, hata salamu, ndivyo ungenifaa. Zako nilizingoja. Lipa mikopo yote, na usibonyeze kiungo chochote tena hata kama nimekiweka mimi, maana tunaagizwa kuviweka. Pole sana kwa binti yako. Haya sikutakiwa kuyaandika."

Fundi alijisikia vibaya kuliko siku ya benki. Yale maswali yote aliyoyameza, akijizuia asimchoshe, yalikuwa ndiyo mkate wa mwenzake. Alikuwa amemnyima kile alichotaka kumpa, akamtajirisha mtu asiyemjua, na njiani akauza chumba cha mwanawe. Akamwandikia papo hapo, haraka haraka, akamwomba radhi, akauliza anaitwa nani hasa ili amwite kwa jina lake.

Jibu halikuchelewa. Lilianza na "Mpendwa msomaji", likamshukuru kwa kuwasiliana na Mama Bahasha, likamwambia kwamba kila changamoto ya kifedha ina suluhisho, likamwekea viungo vitatu vya mikopo. Miwani ilikuwa ileile, na tabasamu lilelile. Fundi alijaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata, na kila mara jibu lilianza na "Mpendwa msomaji". Akaelewa kwamba wamemtoa aliyekuwa akimjibu, au amejitoa, na kwamba mahali fulani mwanamke mmoja, au labda hata ni mwanamume, amepoteza kazi kwa sababu ya kumwambia ukweli. Hakuwa na jina la kumtafutia wala pa kupeleka pole yake.

*

Binti aliondoka mwanzoni mwa mwezi. Fundi alimbebea begi mpaka kituoni, ingawa lilikuwa jepesi na binti alitaka kulibeba mwenyewe. Waliongea juu ya basi, kama lina choo, kama anakaa dirishani. Binti akamwagiza asisahau kuzima jiko. Fundi akasema hatasahau. Dereva alipopiga honi wote wawili walionekana kupata nafuu, na hilo liliwauma wote wawili, kila mmoja kivyake.

Siku za mwanzo aliporudi nyumbani aliwasha redio hata kabla ya kuvua viatu. Alikula akiwa amesimama. Jumapili moja aligundua kwamba tangu Ijumaa hakuwa ameongea na mtu yeyote, ukiacha aliyemuuzia uzi, na uzi alikuwa ameuonyesha kwa kidole. Simu ilikuwa mfukoni. Akaitoa, akaangalia ile picha yenye miwani, akaifunga.

Jumatatu mchana, karakana ikiwa kimya, aliandika ujumbe kwa binti yake. Alianza na salamu, akasema sponji imepanda bei. Kisha, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeshazoea, akaendelea. Akamsimulia mteja mmoja wa zamani, bwana mwenye tumbo lake, aliyeagiza seti ya makochi mekundu halafu akakataa kuyachukua akidai hayo si mekundu, ni ya rangi ya nyanya. Wakati huo binti hajazaliwa. Fundi alikuwa karibu kumrudishia pesa. Mama akatoka ndani na mikono yenye unga, akayatazama makochi, akamtazama yule bwana. Hapo Fundi aliona ujumbe umejaa kioo kizima. Akamwandikia kwamba atamalizia siku nyingine, asije akamchosha kazini.

Akautuma. Kisha, kama mtu anayeacha kitu mezani anapoaga, akamtumia na pesa kidogo, bei ya soda na kitafunwa.

Alirudi kwenye kazi yake. Alikuwa amevuta kitambaa upande mmoja na kukibana kwa goti simu ilipolia. Ujumbe ulikuwa wa kampuni ya simu, ukimjulisha kwamba amepokea pesa. Alidhani ni mteja. Akaangalia namba, ilikuwa ya binti yake, na kiasi kilikuwa kilekile, hakikupungua. Ada ya kutuma alikuwa amekatwa yeye kule aliko.

Nyuma yake ukaja ujumbe mwingine.

"Baba usinilipe. Niko mapumziko, nina nusu saa. Mama akamwambiaje?"

Fundi aliachia kitambaa, kikajirudi chote na kazi ya asubuhi nzima ikaharibika. Alikaa juu ya kochi la mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze ufundi, akaanza kumwandikia alichosema mama yake.